Salamu Kumi na Moja

Tulifundishwa kwamba chema hakijiuzi. Mimi nimelelewa na msemo usemao chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na niliufundisha darasani ng'ambo ile ya ziwa kwa miaka mingi kabla risasi hazijatufukuza. Lakini mkufunzi aliyetujia hapa Nchelenge, upande wa Zambia, mwanamke mwenye kompyuta nyembamba na viatu vyeupe, alisimama mbele ya ukumbi akasema kwamba siku hizi mfanyabiashara asiyejitangaza ni sawa na aliyekufa. Nikamwamini. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi, kwamba nilimwamini hata nikaandika maneno yake kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Tulikuwa wanawake ishirini hivi, nusu wakimbizi kutoka kwenye makazi, nusu wake wa wavuvi wa hapa ufukweni. Alitueleza kuwa kuna mtandao wa watu wa kazi, si ule wa picha za harusi na vichekesho, ambapo wenye maduka na wenye viwanda hukutana na wauzaji bila kusafiri. Unaandika wewe ni nani na unafanya nini, unaweka picha, kisha unaomba kuunganishwa na watu unaowahitaji. Alilipenda sana neno wavu. Wavu wa uhusiano, alisema, kila uzi unamfunga mtu na mtu. Mama mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza wavu huo una matundu ya kiasi gani, maana huku kwetu wavu wa matundu madogo hunyang'anywa na watu wa idara ya uvuvi. Tulicheka sana. Mkufunzi alisubiri tumalize, halafu akaendelea na ukurasa uliofuata.

Niseme kilichonipeleka pale. Mimi nakausha chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru wasiozidi kidole. Watu wengi huwaanika juu ya mchanga, kwa sababu mchanga upo na hauna mwenyewe. Wakikauka hukusanywa kwa ufagio, na mchanga unaingia guniani pamoja nao, kisha anayekula anasaga meno kama mtu mwenye hasira. Mimi nilijenga chanja za miti zenye kimo cha kiuno, nikatandika juu yake wavu wa plastiki, na chisense wangu hukauka hapo hapo juu bila kugusa chini. Wanawake wenzangu sita wa makazi wanafanya kazi hiyo pamoja nami, na tunagawana tunachopata.

Wanunuzi wa malori hawakujali chanja. Walikuja, wakazamisha mkono katika gunia la kwanza waliloliona, wakatangaza bei moja kwa ufukwe mzima, wenye mchanga na wasio na mchanga. Ukibisha wanakuuliza kama uko tayari kurudi na magunia yako nyumbani. Na wanajua jibu, maana kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa miezi ili samaki wazaliane, na majuma ya mwisho kabla ya kufungwa kila mtu anataka kuuza. Mimi kwao nilikuwa "ule mama ya Kongo". Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniita vingine. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka mnunuzi mmoja tu anayenijua kwa jina langu, ambaye akilisikia jina hilo anajua kwamba gunia halina mchanga.

Basi nikajiandikisha. Mahali pa jina nikaweka majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kadi. Mahali pa kazi mkufunzi alitaka tuandike mjasiriamali, kila mtu mjasiriamali. Mimi nikaandika mkaushaji na muuzaji wa chisense wasio na mchanga. Mahali pa asili nikaandika Kongo. Hapo akainama begani kwangu akaniambia niongeze neno mkimbizi, kwa sababu watu wa mtandaoni wanapenda hadithi. Nikaongeza. Kwa ajili ya picha alikuwa amekuja na koti moja jeusi la ofisini, likazunguka ukumbi mzima, na mpaka sasa mtandao huo una picha za wanawake kadhaa wa Nchelenge waliovaa koti lile lile, wengine vifungo havifiki. Mimi nilikataa koti. Nilipigwa picha na kitenge changu mbele ya chanja.

Majuma ya kwanza nilipata barua nyingi. Mmoja alitaka kuniuzia mafunzo ya kuuza. Mwingine alitaka tuoane. Mwanamke mmoja wa mbali aliniomba picha nyingine, safari hii nikiwa na watoto, na ikiwezekana wasicheke. Wengi walinipongeza kwa ujasiri wangu, wakaniambia mimi ni mfano wa kuigwa, wakaweka vile vipicha vya mikono inayopiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei ya chisense. Nilikuwa nawajibu wote kwa adabu, nikawashukuru, huku nasema moyoni kwamba ujasiri haujazwi kwenye gunia.

Ndipo nikamwona mtu wa mji wa Kitwe. Ukurasa wake ulisema anapakia vyakula vya kukausha kwenye pakiti ndogo na kuvisambaza madukani, na alikuwa ameandika yeye mwenyewe, kwa hasira fulani niliyoipenda, kwamba wateja wamechoka kurudisha samaki wenye mchanga. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikayasoma tena. Huyu alikuwa anatafuta gunia langu bila kujua.

Sasa hapa nieleze jambo ambalo mkufunzi hakutufundisha, labda kwa sababu hakujua kwamba linahitaji kufundishwa. Kwetu mtu haanzi na biashara. Ukimfikia mtu na bei mdomoni, umemwambia kwamba yeye ni mfuko tu. Unamsalimia kwanza, na salamu haisemwi yote kwa mkupuo kama mtu anayemwaga maji. Unauliza jambo moja, unanyamaza, unampa nafasi ajibu, naye anakuuliza lake. Ameamkaje. Mwili una nguvu. Watoto wanasoma. Wazazi bado wapo, na kama wapo, wanaona, wanatembea. Mvua ya huko imefika. Baada ya hapo mnatazamana, na mmojawenu anasema haya, nini kimekuleta.

Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana, kwa hiyo nikamwandikia kama ambavyo ningesimama mlangoni pake. Kiingereza changu nilijifunza ukubwani, hapa Zambia, lakini salamu ninaziweza. Nikaandika ya kwanza, nikaituma, nikampa nafasi. Hakujibu. Kwetu mkubwa akikaa kimya unadhani hajasikia, hivyo unampa ya pili taratibu. Nikauliza kuhusu mwili. Nikauliza kuhusu watoto. Kesho yake nikauliza kama mama yake bado yupo na kama ana nguvu, nikingoja naye aniulize wangu, aliye ng'ambo, macho yamepungua. Niliuliza kuhusu mvua. Niliuliza kama nyumba yake iko mbali na kazi, maana nilitaka kumpa pole ya safari za kila siku. Zilifika kumi na moja. Chisense walikuwa katika ile ya kumi na mbili, ambayo, kama zile nyingine, nilikuwa nimeshaiandika vizuri kabisa pembeni kwenye simu, na kimo cha chanja nimekitaja.

Alijibu kabla sijaituma. Aliandika kwamba anazijua mbinu zetu. Kwamba sisi huanza na mama yake mtu na kumalizia na akaunti yake ya benki. Kwamba nilikuwa nauliza mama, watoto na nyumba anapolala ili nipate majibu ya maswali ya siri ya benki yake. Kwamba wakimbizi wa Kongo wenye huzuni ameshawachoka, na amekwisha kunishitaki kwa wenye mtandao.

Nilisoma pale kwenye chanja, mikono inanuka samaki. Nilisikia aibu kwanza, ile aibu ya mtu aliyeitwa mwizi sokoni hata kama mkono wake hauna kitu, na nikageuka kuona kama kuna aliyenitazama. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka. Kuuliza si ujinga, tunasema. Kumbe kwa wengine kuuliza ni wizi.

Jioni ile ile ukurasa wangu ulifungwa. Maandishi yakaniambia nithibitishe kwamba mimi ni mtu halisi, na yakanipa nafasi tatu: pasipoti, kadi ya taifa au leseni ya udereva. Kadi yangu ya ukimbizi ina picha yangu, majina yangu matatu na mhuri wa serikali ya Zambia. Nilipanga foleni siku nzima kuipata. Nikaipiga picha kwenye mwanga mzuri, nikaituma mahali pa kadi ya taifa. Haikukubalika. Nikaituma tena, labda kidole kilifunika pembe. Haikukubalika. Nikaandika malalamiko, barua ndefu ya heshima, nikajibiwa katika dakika ile ile na kitu ambacho hakikuwa mtu kwamba uamuzi umefikiriwa kwa makini. Askari wa kizuizi cha barabara ya Mansa anaitambua kadi hiyo. Muuguzi anaitambua. Hata wenye malori, pamoja na ukorofi wao, hawajawahi kuniambia kwamba sipo.

Mwenzangu alinikuta hapo. Namwita mwenzangu ingawa tulianza kama muuzaji na mnunuzi: ni mke wa mwenye mitumbwi, Mbemba wa hapa hapa Nchelenge, na chisense wabichi ninaowakausha hutoka kwake. Kiswahili chake ni cha biashara, alikiokota kwa Wakongomani gati kwa gati, naye ananiita madamu kwa sababu ya ualimu wangu; mimi namwita bamayo, mama kwa Kibemba.

"Ba madamu, juu ya nini unagombana na telefone? Telefone iko mutu?"

Nikamwambia wamenifunga.

"Juu ya nini?"

"Juu nilisalimia mutu."

Alidhani hajasikia vizuri. Nikamsomea salamu zote kumi na moja, moja moja, nikimgeuzia Kibemba. Kila moja aliitikia kwa heshima ya Kibemba. Ee mukwai, akasema, ee mukwai, mpaka nilipofika kwenye jibu la yule bwana, akaacha kuitikia.

"Kwa hiyo weye ni mwizi juu uliuliza mama yake."

"Njo vile."

Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa, ndani yake kadi yake ya taifa, ile ya kijani ambayo Mzambia haachi nyumbani.

"Kamata. Hii banaipenda."

"Shi itakuwa sura yako, bamayo. Hapana yangu."

"Sura yangu iko na kazi gani ingine? Kamata."

Sikukamata siku hiyo. Nilikataa siku tatu. Nilimwambia ni uongo, na mwalimu haanzi uongo akiwa na nywele nyeupe. Yeye alisema uongo ni ule wa mashine kusema kwamba mimi sipo. Siku ya nne lori lilikuja, mkono ukazama guniani, bei ikatangazwa, na mmoja wa wale wenzangu sita akalia mbele ya watu. Nikaenda nyumbani kwa mwenzangu nikamwambia alete kadi.

Tulimpiga picha mbele ya chanja zangu. Tukaandika jina lake. Kazi tukaandika ile ile, mkaushaji na muuzaji wa chisense wasio na mchanga. Asili, Nchelenge. Neno mkimbizi halikuwepo. Kadi ilikubaliwa kabla hatujamaliza kunywa chai. Kisha mwenzangu akaniuliza tumwandikie nani, na mimi sikusita hata kidogo. Nikamtafuta yule yule wa Kitwe. Wengine wataona ni ukaidi, na hawatakuwa wamekosea. Nikamtumia salamu zile zile. Sikubadilisha neno. Nilizinakili kutoka kwenye simu yangu, moja moja, nikampa nafasi kati ya moja na nyingine.

Alijibu ya kwanza.

Alijibu ya pili pia. Akasema mwili una nguvu isipokuwa mgongo, watoto wanasoma, mama yupo lakini anatembea kwa fimbo. Akaniuliza mimi je, mama yangu. Hapo vidole vikasimama. Mama yake mwenzangu alifariki zamani, lakini salamu haijibiwi kwa uongo, hiyo ndiyo imani yangu, na aliyekuwa anasalimiwa ni mimi. Nikamwambia mama yupo, ila macho yamepungua. Akanipa pole nzuri sana. Akasema mtandaoni hakuna tena watu wanaosalimia namna hii, kila mtu anakurukia na bei, na kwamba nilimkumbusha bibi yake. Nilimwonyesha mwenzangu. Yeye alicheka. Mimi sikujua nifurahi au nimtukane.

Tulipofika kwenye chisense mambo yalikwenda haraka. Akataka magunia yote ya chanja zote, na akasema atakuja mwenyewe, kwa sababu mtu aliyemsalimia vile anataka kumwona kwa macho. Siku alipokuja na lori lake dogo, mimi na mwenzangu tulikuwa tumekubaliana kila kitu. Yeye mwenye mali. Mimi mfanyakazi. Nilivaa kitenge cha kazini na kusimama nyuma.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye heshima. Alikuwa amefanya biashara mpakani miaka mingi, hivyo Kiswahili alikiweza. Alimshika mwenzangu mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyostahili. Alitaka kujua kuhusu chanja, zinajengwaje, wavu unatandikwaje, chisense wanageuzwa mara ngapi. Mwenzangu akanionyesha kwa kidevu, akasema aulizwe mfanyakazi. Nikaeleza. Nilieleza kwa kirefu, maana ni kazi yangu na naipenda. Na kila nilipomaliza jambo, yule bwana alimgeukia mwenzangu akasema aksanti, bamayo. Aliniuliza mimi, akamshukuru yeye. Wenzangu sita walikuwa wanatazama kutoka kwenye chanja, na mmoja wao akageuza uso.

Kisha akakumbuka adabu, akamshika tena mkono.

"Na mama yako, bamayo? Macho inaendelea namna gani?"

Mwenzangu hakuwa amejiandaa kwa hilo. Tulikuwa tumejiandaa kwa bei, kwa uzito, kwa siku ya kuja tena.

"Mama yangu alikufa," akasema, "kitambo sana."

Yule bwana akauachia mkono wake. Niliona uso wake ukirudi nyuma kabla miguu yake haijarudi. Akatazama lori lake.

"Juu ya hii," akasema polepole, "mimi naogopaka batu ba internet. Kabla yako kulikuwa mwizi mumoja, mukongomani, alinitumia message kumi na moja. Ati mama yangu iko na nguvu? Ati watoto banasoma? Nilimuripoti, banamufunga. Sasa na weye unaanza."

Alisema hivyo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mwenzangu hakunitazama. Alikuwa anamtazama yeye.

"Message yangu mimi ilikuuliza nini?"

"Ilisalimia muzuri."

"Ilisema nini? Kumbuka."

Akatoa simu yake, akapekua, akasoma kwa midomo bila sauti, na nikaona anaijua sentensi kabla hajaimaliza.

"Njo mutu mumoja," mwenzangu akasema. "Mimi niko na kadi tu. Chanja, samaki, salamu, na mama mwenye macho, yote ya huyu."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori. Nilitegemea pole. Aliniuliza, tena kwa sauti ya mtu aliyekosewa:

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Nilisema," nikamjibu. "Nilisema nawe mara kumi na moja."

Yule bwana akasema samahani, neno moja, akasema mtandaoni kuna wezi wengi na mtu anajilinda. Nikamwambia najua, hata ufukweni wapo, lakini hapa tunasubiri mtu aibe kwanza. Alinunua magunia yote. Hakupunguza bei, na sisemi kwamba alipunguza. Kabla ya kuondoka alitaka tupige picha mbele ya chanja, yeye katikati, mimi upande mmoja, mwenzangu upande mwingine. Nilimwandikia majina yangu matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa za ubaoni, nikamwomba awaandikie wenye mtandao kwamba alinishitaki kwa kukosea. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. Nilimwona akiitia.

Siku mbili baadaye mwenzangu alikuja na simu mkononi, akanipa. Picha ilikuwa imewekwa. Juu yake yule bwana alikuwa ameandika maneno mengi. Kwamba biashara ni utu. Kwamba alisafiri mpaka ziwa Mweru kukutana na mama mmoja mkimbizi ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumwamini. Kwamba yeye alimwamini. Kwamba alimfungulia soko. Mwenzangu alitajwa kwa jina, kama kiongozi wa wanawake wa ufukweni. Mimi nilikuwa mama mmoja mkimbizi, na mikono ya makofi ilikuwa mingi kuliko niliyowahi kuiona, na watu walimwambia Mungu ambariki kwa moyo wake.

Nimewahi kuibiwa vitu. Nyumba yangu ng'ambo anakaa mtu nisiyemjua. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuchukua hata tusi alilonitukana, akalifua, akalivaa kama shati jipya na kwenda nalo mbele za watu kusifiwa. Ukurasa wangu bado ulikuwa umefungwa. Sikuwa na mdomo pale. Nikachukua simu ya mwenzangu, na chini ya maneno yale, kwa jina lake na uso wake, nikaandika kwamba mama huyo ana jina, nikayaweka yote matatu, nikaandika kwamba ndiye aliyeshitakiwa na mwandishi wa maneno haya kwa kosa la kusalimia, na kwamba bado amefungwa. Tukakaa kusubiri. Baada ya muda yule bwana alipita. Akaweka kidole gumba chini ya maneno yangu, kile cha kukubali, na akaendelea kuwashukuru wengine.

Juma lililofuata aliagiza magunia mengine, mara mbili ya yale ya kwanza. Aliandika vizuri. Alisalimia kwanza. Nikamjibu salamu zake zote, kuhusu mwili, kuhusu mvua, kuhusu fimbo ya mama yake. Kisha nikamwambia magunia yapo, na nitayapakia siku atakapoandika jina langu pale alipoandika mama mmoja mkimbizi, na siku atakapowaandikia wenye mtandao. Akasema ataliangalia. Akasema jambo hilo ni dogo, tusiliache liharibu biashara. Nikamwambia kama ni dogo alifanye sasa hivi, nimekaa nasubiri.

Wale wenzangu sita tulikaa nao kikao. Niliwaeleza yote bila kuficha, kwa sababu magunia si yangu peke yangu. Mmoja alisema jina haliliwi. Mwingine alisema yeye pia ana jina, na siku moja atataka liandikwe. Wanne walikuwa upande wangu, wawili hawakuwa, na wale wawili wananisalimia siku hizi kwa kifupi. Sina la kuwalaumu, nao wana watoto. Malori yalikuja mara ya mwisho, yakatangaza bei ya mchanga, yakaondoka bila ya magunia yetu.

Ziwa limefungwa sasa. Magunia yamepangwa ndani ya nyumba yangu mpaka karibu na dirisha, makavu, safi, na kila asubuhi naomba simu ya mwenzangu nitazame kama yule bwana wa Kitwe ameandika jina langu. Bado hajaandika.